Waziri Simtengenezi

Jumamosi, 6 Januari
Nina miaka themanini na mmoja. Wafalme wamepita, mapinduzi yamepita, mafuriko ya Tigris yamepita, meno yangu yote yamepita. Mimi nipo! Ila baridi ya Baghdad imeanza kutafuna magoti. Kiti cha karibu na jiko, mkahawani kwa Mizhir, kimekaliwa na Abu Ghazwan, karani mstaafu wa reli. Leo nimemwambia tukigombee kwa sataranji. Akauliza, sare je? Mizhir akaamua: sare, mwenye kiti habanduki.

Jumapili
Mazoezi na Mizhir. Askari wangu akafika mwisho wa ubao. Watu wote humpandisha cheo awe waziri, kete yenye nguvu kuliko zote. Mimi nikamfanya farasi. Akaruka, akamkaba mfalme. Kwisha! Mkahawa mzima ukapiga makofi. (Watu watatu.) Abu Ghazwan akasema Haji kabahatisha. Kubahatisha, mimi! Nikaapa kwa talaka mbele yao: nikitengeneza waziri tena, mke wangu kaachika. Mawaziri nimewaona wa kutosha. Hakuna aliyewahi kuziba hata shimo la mtaani kwetu.

Jumatatu
Habari ilinitangulia nyumbani. Mke wangu Badriya hakugomba. Akasema ikifika hapo nimtengeneze tu huyo waziri wa watu, naye apate kupumzika. Anatania. Nadhani.

Jumatano
Siku yenyewe. Nilimla Abu Ghazwan kete zote! Akabaki mfalme peke yake, uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi nina mfalme na askari wawili, njia nyeupe. Abu Ghazwan akasema, Haji, fanya waziri tunywe chai, kiti chako hicho. Nikafanya farasi. Wa pili naye, farasi. Uzuri ulioje! Wakamwinda yule mfalme tangu adhuhuri hadi alasiri. Nikimziba huku, katokea kule. Abu Ghazwan akasema kwa upole kwamba farasi wawili peke yao hawamkamati mfalme anayejua kukimbia, hata Kiyama kisimame. Nikamwambia arudi kwenye treni zake. Mizhir akatangaza sare. Nimerudi na magoti yangu baridi.

Alhamisi
Mulla wa msikitini kaniambia kiapo kina kafara: nilishe maskini kumi, nitengeneze mawaziri nitakavyo. Nimekataa. Tena nimeongeza kiapo: hata kete ya ngome siitengenezi! Marudiano Jumamosi. Anayebisha kwamba nilimvua Abu Ghazwan kete zote amuulize Badriya. Alisimama mlangoni mchezo mzima, furushi la nguo kwapani, akiniombea waziri.