Tayari kwa Ukaguzi

"Vioo viko wapi, Isidori?"

"Vipo, bosi."

"Vipo wapi? Mimi hapa naona usukani, naona na mikono yako. Kioo sioni."

"Vipo nyumbani, kabatini. Nimevifunga kwenye kanga visichubuke."

Mama Nice aliweka chini beseni alilokuwa amelishika. Aliliweka taratibu, kama mtu anayejizuia asimpige nalo mwenzake.

"Yaani nimenunua vioo vya pikipiki ili viangalie mashati yako?"

"Kariakoo hii ukiwa na vioo hupiti, bosi. Huku guta, huku mkokoteni, huku mtu kabeba godoro. Vinakwama. Kila bodaboda katoa vyake."

"Na mkaguzi naye umemwambia habari za magodoro?"

Mkaguzi hakutaka habari za magodoro. Alisema pikipiki haina vioo. Alisema taa ya breki haiwaki ukikanyaga breki, ila inawaka ukipiga honi. Cheni imelegea kama suruali ya kuazima, na indiketa ya kushoto imeshikiliwa na plasta ya kidonda. Kilichosifiwa ni tairi la nyuma tu, jipya, ambalo Mama Nice alilinunua kwa maumivu ambayo hayajapoa mpaka leo. Irudi Ijumaa, alisema. Ikifeli tena, inabaki hukohuko.

Na ikibaki huko, ndoo za mteja wa Buguruni zingepelekwa na jirani wa duka la tatu, ambaye alikuwa akimchekea mteja huyo tangu mwaka jana.

"Kwa hiyo mtu wa kunifilisi nimempa ajira mwenyewe," alisema Mama Nice.

Kwenye benchi la muuza kahawa, hatua chache kutoka hapo, Vitalis alishusha kikombe. Maskini, hakuwa mtu wa kusikiliza mambo ya watu. Masikio yake tu ndiyo yaliyokuwa na tabia mbaya. Alikuwa amevaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, na mfukoni alichomeka kalamu mbili ambazo hazikuwa na wino. Pembeni yake ilisimama pikipiki ambayo asubuhi hiyo alikuwa ameisukuma kutoka Ilala, kwa sababu ilikuwa imekataa kuja kwa hiari.

Alijifuta mdomo, akaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unauza, mimi pia nauza."

"Siuzi, mama. Mimi naitwa Vitalis, mtaalamu wa maandalizi ya ukaguzi. Watu wanafeli kwa sababu wanaenda bila maandalizi. Wewe mwanao angefanya mtihani bila tuisheni?"

Hapo aligusa penyewe. Nice yuko chuo, na tuisheni yake ndiyo iliyojenga nusu ya nyumba za walimu wa Ilala.

Vitalis alichuchumaa. Akagonga tanki, akalisikiliza. Akanusa cheni. Alipofika kwenye tairi jipya akaguna kwa huzuni, kama daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa.

"Hili limekufa kwa ndani."

"Tairi jipya hilo!"

"Ndiyo maana. Yanakaa bandarini na joto, yanakufa kimyakimya. Juu linacheka, ndani marehemu. Juzi mkaguzi amelipita, Ijumaa atalishika. Lakini mama, wewe ni mtu mzima, sitaki nikutoe hela. Nipe hilo bovu na rimu yake, nikufungie zima. Tunabadilishana tu. Vioo nakutafutia, taa nakurekebishia, unanipa ya ufundi basi."

Mama Nice ni mwanamke wa Rombo aliyeingia Kariakoo na kapu moja, na sasa ana duka la jumla. Haibiwi kirahisi. Kila kilicho chake hukipaka tone la rangi ya kucha nyekundu: ndoo, kufuli, stuli, hata ufagio, kwa sababu wapagazi wa mtaa huu wana kipaji cha kuchanganya mali za watu. Lakini akisikia kubadilishana bila kuongeza hela, moyo wake hulainika kama siagi juani. Alikubali. Tuseme ukweli: alidhani yeye ndiye anayemuingiza mjini yule kijana.

Kufikia mchana pikipiki ilikuwa na gurudumu jingine, jeusi tititi, na vioo viwili, na taa ya breki iliyowaka mara mbili mfululizo. Kwenye tanki Vitalis alibandika stika ya duara: TAYARI KWA UKAGUZI. Hakuandika kwamba imekaguliwa. Angekuwa mhalifu. Kuwa tayari hakujakatazwa na sheria yoyote.

Vile vioo vilitoka ng'ambo ya barabara, kwa Bhavin, muuza viungo.

"Vina mstari hivi, kaka," Vitalis alikuwa amemwambia.

"Huo unywele, bwana."

"Leo unywele, kesho ufa. Nakubadilishia, huongezi kitu."

Bhavin naye alilainika. Akafungiwa vioo vya Kasmir, dereva wa kona ya pili, ambaye naye aliambiwa betri yake ina presha, akapewa betri ya mwingine aliyeambiwa betri yake haina presha.

Kipaji ni kipaji, tukiheshimu. Pikipiki za Kariakoo karibu zote ni za aina moja, na kifaa cha huyu kinamkaa yule bila kulalamika. Vitalis hakuwa na duka wala stoo. Alichomtolea mtu kwa kuwa kibovu alimfungia wa pili kwa kuwa kizima, na kila aliyefikiwa alitoa ya ufundi kwa moyo mweupe. Vile vilivyokuwa vizuri kupita kiasi havikuendelea na safari. Vilishukia kwenye pikipiki yake mwenyewe. Kabla ya Ijumaa ile pikipiki iliyokuja kwa kusukumwa ilikuwa inanguruma, inang'aa, na inageuza shingo za wasichana.

Ijumaa asubuhi Isidori alirudi kutoka kwenye ukaguzi kabla chai haijapoa.

"Imefeli?"

"Imefeli zaidi, bosi. Mkaguzi amepitisha kidole kwenye tairi, kikatoka cheusi. Ni kipara, limechongwa mistari kwa kisu cha moto, likapakwa dawa ya viatu. Nimembembeleza mpaka basi, kaniachia nije nayo. Kasema saa tisa anafunga, nisiporudi niisahau."

Isidori alisubiri kelele. Lakini Mama Nice alikuwa anamtazama Bhavin, aliyekuwa amevuka barabara na kuinamia usukani wa Isidori.

"Hivi vioo vyangu," alisema Bhavin. Akavuta mpira wa shina la kioo, uzi mwekundu ukachungulia. "Mke wangu Shobhana aliufunga mwenyewe siku tuliyoibariki pikipiki. Mama Nice, mbona umenichukulia vioo?"

"Vitalis alipovitoa alisema vina nini?"

"Unywele."

"Na tairi langu lilikuwa marehemu." Mama Nice alikaa kwenye stuli yake, akamenya chungwa taratibu huku akifikiri. Kisha akachukua simu.

"Vitalis mwanangu, hujambo? Shemeji yangu wa Ilala ana pikipiki sita, zote zimefeli. Ana haraka, na hajui bei za mjini... Ndiyo. Niko dukani."

Vitalis alifika kabla Mama Nice hajamaliza kula lile chungwa.

"Mama yangu! Shemeji yuko wapi?"

"Anakuja. Hebu kwanza, hii yako ingepita?"

"Hii? Hii wakaguzi wangeipigia saluti."

"Kila kitu kizima?"

"Nimechagua kipande kimoja kimoja kwa mkono wangu."

"Naona." Mama Nice alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akainama, akafuta tope kwenye rimu ya nyuma. Tone jekundu likatokea. "Hii nini?"

"Kutu, mama."

"Kutu inang'aa?"

"Za siku hizi zinang'aa."

Mama Nice aliweka kidole chake pembeni ya lile tone. Kucha na rimu zilifanana kama pacha. Vitalis alikumbuka ghafla kuwa ana msiba Buguruni. Akapiga kiki, pikipiki ikawaka, lakini haikusogea. Bhavin, mtu mzito kwa mwili na kwa maamuzi, alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma. Kasmir na wenzake wa kona ya pili, ambao Bhavin alikuwa amewapa habari, walikuwa wameziba mbele.

"Tuite polisi?" aliuliza Bhavin.

"Polisi wataiweka kituoni iwe kielelezo, na tairi langu litakaa huko mpaka Nice azeeke. Mimi nina ndoo za kupeleka leo." Mama Nice akasimama. "Isidori, lete spana. Kila mtu achukue chake."

Hakuna fundi aliyewahi kuifungua pikipiki kwa kasi ile. Tairi la nyuma likaenda kwa mwenyewe. Betri ikaenda kwa Kasmir. Cheni, taa ya mbele, kiti, tairi la mbele, vyote vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na hasira. Hata helmeti ilivuliwa kichwani mwa Vitalis na mtu aliyeitambua kwa harufu.

"Injini ni yangu!" alilia Vitalis. "Nimeinunua kweli!"

"Hakuna aliyeigusa, baba. Ibebe."

Isidori alifunga gurudumu, akakaza cheni, akaunga upya taa ya breki na indiketa, akavirudisha vioo vya Bhavin, akapanda.

"Pitia nyumbani, vitoe vioo vyetu kwenye kanga," alisema Mama Nice. "Na nikikukuta huna vioo, nakufungia wewe kabatini. Nenda, saa tisa haikungojei."

"Niache hata Buguruni, kaka," Vitalis aliomba.

"Abiria bila helmeti?" alisema Isidori. "Nitafeli." Akaondoka.

Mama Nice alibandua stika ya duara ambayo Isidori alikuwa ameitoa kwenye tanki akaiacha juu ya beseni, akailamba kidogo nyuma ili ishike, akambandika nayo Vitalis kifuani, juu ya kizibao cha njano. Kisha akageukia wateja wake, akauliza nani anataka ndoo.