Kati ya Bilingani na Halmashauri

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote waliomo chumba cha habari. Nakuandikia ingawa meza yangu iko karibu na mlango wako, kwa sababu wiki hii kila nikiingia kwako nakukuta unatafuna, na jambo hili halifai kujibiwa na mtu aliyejaza mdomo.

Ulitutangazia kwamba karatasi imepanda bei, na Jumatatu utafuta ukurasa mmoja kati ya mbili: wangu wa habari za halmashauri ya jiji, ambao nimeuandika tangu wewe ulipokuwa mwanafunzi wa kutumwa chai, au ule wa Jikoni wa Shangazi Viungo, aliyekuja juzi tu kuwafundisha wasomaji kupika majani ya nchi za watu. Naomba kwa heshima zote uufute wa Jikoni. Sina chuki na Shangazi. Sababu zangu ni hizi.

1. Uandishi wake hauna uthibitisho. Mimi nikiandika kwamba mtaro umeziba, unaniuliza nani kasema, na nani mwingine. Shangazi aliandika kwamba dengu nyekundu za Kituruki, zikipikwa kwa bizari na limau na kumwagiwa nanaa mbichi, "zitakusahaulisha nyama". Hakutaja chanzo hata kimoja, nawe ukachapisha kwa herufi kubwa. Ilibidi nichunguze mwenyewe. Nilizipika. Nyama ilikaa kwenye friji mpaka Alhamisi bila mtu kuiulizia. Madai yake, basi, ni ya kweli, lakini hilo halimwondolei kosa.

2. Amani ya nyumba yangu imevurugika. Mama watoto huukata ukurasa wa Jikoni kwa mkasi na kuubandika ndani ya mlango wa kabati. Ukurasa wangu wenye habari ya zabuni ya taa za barabarani, iliyonifanya nifuatwe na magari nisiyoyajua, hufungia nanaa isinyauke. Nilipolalamika aliniambia, "Baba nanihii, usijidharau. Nanaa inadumu humo kuliko kwenye gazeti lolote nililojaribu."

3. Kikombe nilichotunukiwa na chama cha waandishi kwa ujasiri kimeoteshwa rehani, ile ya kunukia. Sikuotesha mimi. Mimi naimwagilia tu asubuhi, maana mmea hauna kosa.

4. Hili ni zito. Vyanzo vyangu vya habari vimeharibika. Mhasibu wa halmashauri, ambaye kwa miaka alikuwa akikata simu akisikia sauti yangu, sasa hupiga yeye. Hupiga kuuliza kama mchaichai unapondwa au unakatwakatwa. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa habari. Akasema, "Najua, kaka, lakini si mnakaa chumba kimoja na Shangazi?" Nikamjibu kwamba unapondwa kwa mpini wa kisu, unafungwa fundo, unatumbukizwa kwenye tui, na unatolewa kabla ya kupakua. Alishukuru, kisha akanisomea mkataba wote wa kuzoa taka, kifungu kwa kifungu, huku akikoroga. Ndiyo habari iliyotoka ukurasa wa mbele wiki iliyopita, ukanipongeza mbele ya watu. Ndugu Mhariri, mtu wa umri wangu hapaswi kupata siri za serikali kwa njia ya mchaichai. Tukizoea hivi, kesho meya atakiri kila kitu kwa kuahidiwa mche wa rehani, na hapo kazi yetu itakuwa imekwisha. Itabaki bustani.

5. Mama mkwe. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kula chakula nilichokigusa, kwa maelezo kwamba mikono yangu inanuka wino. Jumapili alikula bilingani nililolichoma motoni mpaka ganda likawa jeusi, nikaliponda na kitunguu saumu, ufuta, ndimu na giligilani nyingi. Alipangusa sahani kwa kidole. Halafu akasema, "Mkwe, kumbe kazi unaiweza." Nimefichua wezi wa mali ya umma, nimelala mahabusu kwa ajili ya habari, na hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Lalamiko langu ni kwamba nilitokwa na machozi mbele ya watoto, na siku hiyo hapakuwa na kitunguu maji cha kusingizia.

Ukiyapima haya utaona kwamba kurasa hizi mbili haziwezi kuishi gazeti moja. Msomaji aliyekula vizuri hakasiriki, na msomaji asiyekasirika hasomi habari za halmashauri. Uache ukurasa wa Jikoni, na mitaro itaendelea kuziba huku wananchi wakiiruka kwa furaha, kila mmoja na fungu lake la giligilani kwapani.

Nakutakia uamuzi wa busara. Nisalimie shemeji na watoto, wapiga chapa, dereva, na mlinzi wa getini. Shangazi Viungo naye msalimie, kwa kipimo.

Wako kazini,
Mwandishi wa Halmashauri

Nyongeza: Mwambie Shangazi kwamba kwenye zile dengu limau hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa, si kabla kama alivyochapisha. Likichemka linaacha uchungu. Nimejaribu njia zote mbili, na mama mkwe amekubali. Hivyo ni vyanzo viwili. Pia nimeambatanisha habari ya bilingani. Imezidi urefu kidogo na sioni pa kukata. Ikikosa nafasi kule Jikoni, iweke kwenye ukurasa wangu, hata ikibidi uubadilishe jina. Halmashauri itaiba tena mwezi ujao, lakini mabilingani machanga yanaelekea kwisha sokoni.