Dawa ya Bluu ya Mkaguzi Kasimiri

Miaka ile ya ruksa ya biashara binafsi kila mtu Morogoro alikuwa anafungua kitu, na Kasimiri alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na chupa za dawa ya kuua vijidudu, aliyoitengeneza mwenyewe kwa maji ya bomba na bluu ya kufulia nguo. Siku alipoona kibao kipya Msamvu, “Shadya, Fundi wa Meno Bandia”, alivaa tai, moyo ukamjaa huruma kwa wagonjwa.

Shadya alikuwa amepunguzwa kazi hospitali, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya chumba kile. Kasimiri akamwamkia shikamoo kwa adabu ya mtu anayekuja kukuibia, akajiita mkaguzi wa afya. Akaeleza kwa uchungu jinsi mate ya mgonjwa mmoja yanavyosafiri kwenye trei ya kupimia meno hadi kinywani mwa mwingine. Shadya akasema yeye huchemsha trei, na kila kipimo cha meno kinachotoka kinywani hukiloweka kwenye klorini. Mambo ya kizamani, akajibiwa; anunue dawa hii au chumba kifungwe leo.

Mama wa watu aliogopa kwelikweli, mpaka alipoimimina bakulini. Rangi ile aliijua. Koti lake jeupe huogeshwa humo kila Jumamosi.

“Inaua kwa muda gani, baba?”

“Unachovya, unatoa. Papo hapo.”

Kitini alikuwepo Mzee Rehani wa Mgeta, mla tumbaku hodari, aliyekuwa ametoka kupimwa. Shadya akaichovya trei ya mzee, akageukia meza kuijaza plasta mpya, ule uji mzito unaogandia kinywani na kuchukua umbo la meno.

“Basi tuonyeshe mfano, mkaguzi. Keti.”

Kasimiri aliitazama trei, akautazama mdomo wa mzee. Kukataa ni kukiri. Mzee akampisha kiti; akaketi, akakifumbua kinywa kilichowalaghai watu kutoka Kingolwira hadi milimani. Shadya akamwambia asitikisike, plasta isije ikapasuka, na Mzee Rehani akatumwa kumwita bwana afya wa kweli.

Shadya akamwuliza ametoka ofisi gani, na kwa mara ya kwanza maishani Kasimiri aliulizwa swali akashindwa kudanganya. Plasta ilikuwa imeshika kinywani. Hakujua kwamba pale mezani Shadya alikuwa amebadilisha trei, akachukua iliyochemshwa. Hata awe tapeli, Shadya hawezi kumlisha mate ya mwenzake. Hakumwambia, na hana mpango.

Plasta ilipotolewa, bwana afya alikuwa mlangoni na kalamu mkononi.

“Mama, naomba maji nisukutue,” Kasimiri alisema. “Ila si hayo ya bluu.”

Bwana afya akaandika hivyo hivyo alivyosema: maji ya bluu.