Leseni Yangu ya Simu ya Upepo

Jumatatu, 7 Juni 1954. Ruangwa.

Idi imepita, kanzu imekunjwa. Leo naanza mambo ya maana.

Dereva wa lori kaleta habari sokoni. Uwanja wa ndege wa Nachingwea unatafuta mtu wa pili wa simu ya upepo, ile ya kugonga herufi zikasafiri bila waya. Sharti awe na leseni ya daraja la pili. Mtihani ni Jumanne ya juma lijalo, na wa nje wanaruhusiwa.

Mtu wa kwanza pale ni Gaudens. Gaudens huyu huyu! Tulipokuwa Burma mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kushika kidude cha kugongea. Sasa ana daraja la pili, ana kofia, na nasikia ana kiti kinachozunguka. Mimi nina daraja la tatu: ruhusa ya kusikiliza, na kugonga mbele ya mkubwa tu.

Ni kweli sijagusa simu tangu turudi kutoka vitani. Lakini herufi si muhogo, haziozi.

Nimemweleza mke wangu Mwamini. Kasema ufuta umeanza kupukutisha majani, lazima ukatwe juma hili. Mwaka jana tulichelewa, maganda yakapasuka na mbegu zikamwagika chini, tukabaki na mabua. Wakati ule nilikuwa na mpango wa mizinga ya nyuki. Sikuona haja ya kukumbushana.

Jumatano, 9 Juni.

Mazoezi. Nagonga sufuria kwa kijiko: fupi ni ti, ndefu ni taa. Nimejitumia ujumbe mrefu na nimeusikia wote bila kosa hata moja. Maendeleo makubwa. Baadaye kidogo nikagundua kwamba ujumbe nilikuwa naujua kabla ya kuugonga. Dosari ndogo.

Mchana nikasikia sufuria inagongwa uani. Nikachukua penseli upesi. L, I, N, D. Nikatoka mbio kumpongeza Mwamini kwa kugonga neno Lindi vizuri namna ile. Kasema alikuwa anabandua ukoko.

Hata hivyo, Lindi niliisikia.

Ijumaa, 11 Juni.

Baada ya sala amekuja shemeji yangu Halfani, kaka yake Mwamini, kwa baiskeli kutoka Likunja. Hakukaa. Kapita moja kwa moja shambani, katingisha bua moja la ufuta karibu na sikio lake, kisha akarudi.

“Shemeji,” kaniambia, “huu ukimwagika tena, dada yangu anarudi Likunja. Sisemi kwa hasira. Nakuarifu tu.”

Nilijibu kwamba nimekwisha panga kwenda Nachingwea kutafuta vibarua wa kukata. Kusema kweli mpango ule ulinijia mdomoni palepale, lakini ulikuwa mzuri. Tangu mashamba ya karanga ya Wazungu yafungwe, vijana wasio na kazi wamejaa kule. Nikaongeza kwamba vibarua wazuri hawakubali bila kuahidiwa mbuzi wa kitoweo. Mwamini katoa mbuzi wake mwenyewe, beberu mweusi aliyepewa na mama yake. Halfani kaniazima baiskeli na kurudi kwao kwa miguu.

Watu wema sana. Nitawakumbuka nikishapanda daraja.

Jumapili, 13 Juni. Nachingwea.

Nimefika. Mbuzi nilimfunga kwenye keria ya nyuma ya baiskeli. Kila kilima nilisukuma mimi na yeye alipanda. Kala ukosi wa shati langu, upande wa kushoto.

Vibarua sijawatafuta bado. Kwanza nyumbani kwa Gaudens. Kanikumbatia, kaita mke wake Dionisia aje kumwona mwalimu wake wa Burma. Wamenipa ugali na kisamvu, na kitanda. Kiti kinazunguka kweli, kaniambia mwenyewe.

Nilimpa mbuzi. Nikasema ni zawadi ya kidugu, na kwa udugu huohuo aninong’oneze ujumbe utakaotoka Jumanne. Gaudens kakataa vyote viwili. Kasema ujumbe haujui, mkaguzi anatoka Dar es Salaam na mambo yake kichwani. Lakini kaniambia nikae naye leo na kesho, yeye agonge, mimi niandike. “Vidole vitakumbuka, kaka. Ni kutu tu.”

Kutu! Mwanafunzi anamwambia mwalimu kutu.

Ila kwa ajili ya mazoezi kanipa ujumbe wa mtihani uliopita, kwa Kiingereza. Ni habari ya hali ya hewa: mawingu machache mashariki, upepo mwanana, uwanja uko wazi, hakuna kizuizi, karibuni mtue. Nimeusoma mara mbili na mwanga umenishukia. Hali ya hewa haibadiliki mwezi huu. Ujumbe utakuwa uleule.

Jumatatu, 14 Juni.

Nimekariri. Naweza kuusema nikitembea, nikila, nikinawa. Dionisia anaufahamu pia sasa, kwa kunisikia.

Gaudens katoka kazini, kagonga polepole kabisa, niandike. Nilipata herufi tatu, na moja tulibishana. Nikamwambia kidude chake kimelegea. Kakikaza kwa bisibisi, kagonga tena. Nikapata mbili. Nikamwambia sasa kimekaza mno. Hakucheka. Kasema mtihani mwingine ni Oktoba, hakuna aibu kungoja, nirudi nikakate ufuta kwanza. Wivu una sura nyingi.

Vibarua: nimemwuliza mmoja mbele ya duka. Kasema yuko tayari tuondoke leo hii. Nilimwambia leo haiwezekani. Kaondoka.

Jumanne, 15 Juni.

Mtihani.

Nilikwenda na mbuzi, maana Dionisia alisema hataki kumwona tena karibu na mboga zake. Nikamfunga kwenye kijiti pembeni mwa uwanja, penye majani mazuri.

Tulikuwa watatu: mimi na vijana wawili. Mkaguzi, Mzungu mwembamba, kasema leo hatatunga ujumbe. Ndege ya kutoka Lindi iko njiani. Tuvae visikilizio masikioni, tuandike kile kitakacholetwa na ndege yenyewe. Nikatabasamu. Ndege italeta nini kama si hali ya hewa?

Mlio ukaanza. Ti taa ti ti, haraka kama mvua kwenye bati. Sikuhangaika nao. Niliinama nikaandika kwa mwandiko mzuri: mawingu machache mashariki, upepo mwanana. Nikiwa katikati nikaona vijana wale wawili wametupa penseli na kutoka mbio. Mkaguzi naye kawafuata, bila kofia. Nikajua wameshindwa, na yeye kaenda kuwafariji. Gaudens peke yake alibaki, anagonga kwa nguvu, jasho linamtoka. Nikamalizia: uwanja uko wazi, hakuna kizuizi, karibuni mtue. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Juu ya paa ndege ilikuwa inazunguka. Ilipita chini sana, vikombe vikalia kwenye meza. Ikapita tena. Hapo nikamwuliza Gaudens kuna nini.

“Mbuzi, kaka,” kasema bila kuinua kichwa. “Wanasema kuna mbuzi katikati ya uwanja na mafuta yao ni kidogo. Nawaomba wazunguke.”

Nikatoka. Nilikimbia kuliko nilivyokimbia Burma. Vijana wale walikuwa wanamfukuza upande huu, mkaguzi upande ule, na beberu kasimama katikati anatafuna kamba. Hatimaye kijana mmoja kamshika mguu, wakaanguka naye kwenye nyasi, na ndege ikashuka nyuma yao kwa kishindo. Watu walitoka wote wazima. Mama mmoja alikuwa analia.

Mkaguzi kauliza mbuzi wa nani. Nikatazama mawingu. Walipomwachia, mbuzi kaja kusimama ubavuni pangu.

Ndani, mkaguzi kasoma karatasi yangu. Kisha kaniuliza kwa upole nimesikia haya kwa chombo gani.

Vijana wote wawili wamepita. Mimi, kasema, kwa kukaa muda mrefu bila kugonga, hata daraja la tatu sistahili tena. Leseni yangu kaichukua. Nikiitaka nianze na wanafunzi wapya, Oktoba.

Gaudens kanisindikiza mpaka barabarani, kasukuma baiskeli yeye.

Alhamisi, 17 Juni. Ruangwa.

Nilipita Chinongwe nikiwaza maneno ya kusema. Sikuyahitaji. Shamba lilikuwa jeupe. Ufuta wote umekatwa, umefungwa matita na kusimamishwa juani. Mwamini, Halfani na wanawake sita wa Likunja. Walianza Jumamosi, nilipokuwa njiani na mbuzi.

Nikamwuliza Mwamini kama anaondoka.

“Niende wapi?” kasema, huku anamfungua mbuzi wake. “Ufuta nimekata mimi. Mimi nipo. Wewe, Baba Biasha, utalinda matita mpaka yakauke. Na baiskeli urudishe kwa miguu yako, usiipande.”

Halfani kaangalia tairi tu.

Sasa niko shambani chini ya turubai, nafukuza kuku na ndege. Nimepata wasaa wa kufikiri kwa kina, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilikariri ujumbe wa zamani. Mtu mwenye akili hukariri mpya. Kwa bahati nimenakili karatasi ya kijana mmoja kabla sijaondoka: mbuzi katikati ya uwanja, mafuta ni kidogo, ondoeni mbuzi upesi. Nimekwisha ishika nusu yake.

Na kwa kuwa sina daraja lolote sasa, sioni kinachonizuia kuomba la kwanza.