Kompyuta Imemwita Baba kwa Jina la Utotoni

Leo nimeaibika, jamani. Na aliyeniaibisha ni kompyuta niliyoinunua mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa mwandika mabango. Maduka ya Newala mpaka Tandahimba yalipitiwa na mkono wake. R yake ilikuwa inanyoosha mguu utadhani inapumzika barazani. Mimi nilikuwa namshikia kopo. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta namkumbuka.

Sasa kuta zile zinapakwa upya. Nikawahi kuzipiga picha herufi zake zilizobaki, nikazigeuza fonti, herufi za kuchapia kwenye kompyuta. Programu ikadai jina. Nikaandika "Chikapu", jina lake la utotoni, nililodokezwa kwa siri na shangazi. (Utani tu! Nilikuwa peke yangu!) Baadaye nikaona haya. Kwetu ukitoka jandoni unapewa jina jipya, na kumwita mtu mzima kwa lile la zamani ni tusi. Nikabadili jina la faili: "Mzee Salumu". Nikajua yameisha.

Leo baba mkubwa katoka Newala hadi dukani kwangu, hapa Masasi. Nataka bango la hitma ya baba liandikwe kwa herufi zake mwenyewe, na bila kaka yake kuridhia, halichapwi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Haya, nioneshe mkono wa ndugu yangu."

Nikaingiza fonti kwenye kompyuta mpya. Nikafungua orodha, natafuta Mzee Salumu. Hakuna. Nikashuka, nikapanda. Hakuna! Kumbe kompyuta haina habari na jina la nje la faili. Inafungua ndani, inachukua lile uliloandika siku ya kwanza. (Nimelijua leo. Mbele ya mkubwa wangu.)

Baba mkubwa akavaa miwani. "Hilo hapo linasemaje?"

CHIKAPU. Kwa herufi za baba, kama kajiandika mwenyewe.

Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Shangazi."

"Umemrudisha ndugu yangu kabla ya jando!"

Akavua miwani. Nikajua nazabwa kibao. Kumbe analia, na huku anacheka. "Tangu tukiwa watoto sijalisikia. Bango lichape. Jina hilo lifute."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na langu, alikwambia?"

"Hapana, baba mkubwa."

(Aliniambia. Msiniulize, na atakayecheka namfuata shangazi yake.)