Mwenyekiti wa Maji Ashuka Mikindani

Jumapili, 15 Septemba 2024. Newala.

Leo nimesema jambo kanisani. Sikupanga kulisema. Limetoka lenyewe.

Padri katangaza kwamba mimi na Paulina tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, na binti yetu Glory, muuguzi wa Dodoma, ametulipia likizo hotelini Mikindani. Pwani. Makofi. Ndipo katekista Cuthbert, ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi, akauliza mbele ya watu kama mzee Benedikto anajua kuogelea au atawekwa kivulini pamoja na mizigo.

Nikasimama. Nikasema mimi nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji hiki miaka mingi, maji yananijua. Nikasema nitamshika mke wangu mkono, nitamwingiza baharini, nitamfundisha kuogelea, na picha mtaletewa kwenye grupu la kanisa. Vigelegele! Kwaya ilitaka kuimba.

Paulina hakupiga kigelegele. Alinitazama tu. Nyumbani kaniambia amefurahi sana, bahari ameitamani tangu msichana. Lakini ataingia tukiwa wawili, tumeshikana mikono. Bila hivyo haingii.

 Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya ndoo.

Si kitu. Njia itapatikana. Kichwa hiki hakikusoma shule, kilisoma kisomo cha watu wazima jioni chini ya karabai, lakini kinachemka kuliko cha Cuthbert.

Jumatatu, 16 Septemba. Mikindani.

Tumefika. Basi hadi Mtwara, kisha bajaji. Nimekuja na dumu la maji yetu ya mvua, maana nimesikia ya huku yana chumvi. Dereva wa bajaji kacheka. Hajui kitu.

Hoteli nzuri. Binti wa mapokezi, Naima, ana adabu. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, ufunguo huu hapa. Chumbani kuna bomba. Nikafungua: maji! Mwezi wa tisa! Nikajaza ndoo, nikajaza beseni, nikajaza na kile chombo cha taka baada ya kukisuuza. Paulina kasema maji ya hapa hayakatiki. Nimesikia viongozi wengi wakisema hivyo.

Kisha nikatoka nyuma ya hoteli nikaona aibu kubwa. Tangi lao la maji liko wazi, limejengwa vizuri, vigae vya buluu, nadhani lingetosha kijiji chetu mpaka Krismasi. Na ndani yake mtu mzima anaoga! Kalala chali, tumbo juu, kama kiboko aliyestaafu. Nikamwamuru atoke. Nikamwambia wenzake watakunywa nini. Nikamwita Naima aje ashuhudie.

Yule mtu akaja ukingoni polepole. Anaitwa Twahiru, dereva wa basi mstaafu, wa Masasi, yuko hapa na mkewe Zabibu. Myao. Mimi Mmakonde, watani wa jadi, kwa hiyo hana huruma na mimi wala mimi sina na yeye.

"Mtani," kasema, "hili ni bwawa la kuogelea. Lenye vyura ndilo mnalokunywa ninyi."

Naima aliinamisha uso. Nilimwambia nilikuwa napima umakini wa wafanyakazi.

Jumanne, 17 Septemba

Ushindi asubuhi. Mchana sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Baada ya chai nimetoka kuitazama bahari niliyoiona jana imejaa mpaka ukutani. Haipo. Tope, mchanga, mawe, na maji kidogo kule mbali kama kamasi.  Mwezi wa tisa! Nimeongoza kamati ya maji, nikashindwa kuujua mwezi wa tisa? Visima vyote hukauka. Bahari ni kisima, upana tu ndio tofauti.

Nikamweleza Paulina kwa masikitiko. Nikamwambia ningemwingiza leo leo, ila ndiyo hivyo, ukame.  Nikampigia Cuthbert kwa simu yangu ya kitochi, nikamwarifu kwamba bahari imekauka na mimi nimeshuhudia, awatangazie watu wasingoje picha. Akauliza kama serikali imeshajua.

Nikashuka kukagua. Mtaalamu hakai barazani. Nikawakuta wanawake na ndoo zao wanachimba kombe za kula topeni. Nikawapa pole kwa ukame. Wakatazamana. Mmoja akasema ahsante baba, tutavumilia. Nikamsifu kwa moyo wake.

Nikaona jiwe kubwa, safi, kule mbele. Nikaketi. Upepo mzuri. Nikalala.

Kilichoniamsha ni miguu. Ilikuwa imelowa. Jiwe limekuwa kisiwa. Bahari imerudi bila kupiga hodi, pande zote, mpaka nyuma yangu! Nikasimama juu ya jiwe nikaita watu kwa heshima. Pengine sauti ilizidi heshima, maana hoteli nzima ilitoka.

Akaja yule mama wa kombe. Kaja anatembea. Maji hayajafika magoti yake. Akanishika mkono, akanitoa taratibu kama bibi harusi. Twahiru alikuwa amesimama pwani na wageni wengine, taulo shingoni.

"Mtani, mvua zimenyesha?"

Kumbe maji ya huku hupwa na kujaa kila siku. Mtu angeweza kuniambia. Paulina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo palipouma. Kasema, "Baba Glory, kumbe unaogopa."

Nimemwambia siogopi. Nilikuwa nimelala.

Jumatano, 18 Septemba

Njia mpya. Mwiko.

Nimeamka na uso mzito. Nimemwambia Paulina nimeoteshwa na wazee: wanaume wa ukoo wetu hawakanyagi maji ya chumvi wakati mikorosho imetoa maua. Korosho zote zitapukutika. Si mimi, ni wazee. Ningependa sana kuingia.

Paulina kasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua simu yake. Kampigia dada yangu Regina! Regina ndiye mkubwa wa ukoo wetu, ukoo wa mama, hakuna mwiko usiopita kwake. Paulina akaweka sauti ya nje.

Dada kasema mwiko huo hajawahi kuusikia. Akauliza nani kausema. Akaambiwa. Akasema huyo tangu mtoto akiona beseni analia, mama alikuwa anamwosha kwa kumvizia. Akatuma salamu. Akasema tukirudi tumletee dagaa.

Nimekaa chumbani. Nimekula ming'oko, viazi pori vya kwetu, niliyokuja nayo. Imelala, lakini inaliwa.

Jioni Paulina katembea ufukweni na Zabibu, mke wa Twahiru. Zabibu ni mtu wa maji, kakulia Lindi. Paulina karudi na upindo wa kitenge umelowa. Akaketi kitandani, akanionyesha magoti yake kama mtoto aliyepewa viatu.

"Nimefika hapa. Zabibu alitaka tuendelee, nikamwambia hapana, mbele nangoja mtu wangu."

 Nikamuuliza kama maji ni baridi. Kasema ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mzazi.

Nimezima taa mapema.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo akili imerudi kwenye nafasi yake. Nimegundua kwamba watu wa Newala hawahitaji mimi niingie baharini. Wanahitaji picha. Ni vitu viwili.

Baada ya chakula cha mchana Paulina kalala. Nikamwomba Naima na simu yake kubwa. Nikaingia palipo na maji ya kifundo cha mguu, tena nikiwa nimeshika ukuta. Kisha nikapiga magoti. Kisha nikakaa. Kisha nikalala kidogo kwa nyuma, viwiko mchangani, mpaka maji yakafika kidevuni. Nikakunja uso kama mtu aliye mbali na nchi kavu. Nikamwambia Naima piga, mwanangu, haraka, mawimbi ni makali.

Naima kasema, babu, subiri huyu apite. Nikasema piga!

Kapiga. Kaituma kwa Glory. Glory kaiweka kwenye grupu la kanisa.

Huyo aliyekuwa anapita alikuwa mbuzi. Kasimama nyuma ya kichwa changu, ananusa. Maji yako kwenye kwato.

Naima kanisomea majibu, nimemlazimisha. Mweka hazina wa kanisa kaandika anamshukuru Mungu mbuzi alikuwa karibu kuokoa maisha. Mama mmoja wa kwaya kauliza huyo ndiye mke mpya. Cuthbert kaandika neno moja: Ukame.

Nilidhani Paulina atacheka. Hakucheka. Kaitazama picha muda mrefu kwenye simu ya Naima, akairudisha.

"Umeingia bila mimi," kasema.

Nikamwambia ile haikuwa kuingia. Ile ilikuwa kulala. Akasema vizuri, kesho ndiyo siku ya mwisho, maji yanajaa alasiri, na yeye ataingia. Nisipokuwepo ataingia na Zabibu, na miaka hamsini atasherehekea na Zabibu.

Hajawahi kunijibu hivyo. Hata mwaka nilipouza mbuzi wa mahari ya mdogo wake.

Ijumaa, 20 Septemba

Nitaandika kwa ufupi, mkono bado una chumvi.

Alasiri maji yalijaa mpaka ukutani. Paulina alishuka amejifunga kitenge juu ya fulana, kilemba kichwani kama anakwenda ibadani. Zabibu mbele, yeye nyuma. Twahiru naye alikuwemo, kwa mbali, anaelea kama gogo. Mimi niko juu ya ukuta. Nimevaa suruali ya suti. Nilikuwa na mpango kamili: niwe nimevaa vizuri mno kuweza kuingia.

Akafika magotini. Akasimama. Zabibu akampa mkono, hakuupokea. Akageuka kunitazama. Hakuita. Angeita ningejua la kujibu, mimi kwa kujibu sishindwi. Alisimama tu, mkono mmoja ameunyosha nyuma huku kwangu, anangoja. Likaja wimbi dogo akayumba. Mkono haukushuka.

Nikateremka. Na viatu. Sijui nani aliteremsha miguu ile.

Maji ya vifundo. Ya magoti. Nilitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana, namwambia Paulina ni baridi, naye alishajua ni ya uvuguvugu. Nikaukamata mkono wake. Nilimbana vidole mpaka akasema polepole baba, nina pete. Tukaenda. Kiunoni. Kifuani. Hapo sikuiona tena pwani kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

"Fumbua," kasema.

Nikafumbua. Maji mengi kweli. Sijawahi kuona maji mengi hivyo yasiyokuwa na foleni. Hakuna dumu, hakuna zamu, hakuna mtu anayegombana. Paulina akainua miguu, mimi nimemshika, akaelea. Bibi wa umri ule! Kacheka sauti ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, ya msichana wa Lulindi niliyekwenda kumposa. Mimi sikuelea. Nilisimama kama mlingoti, namshikilia. Lakini nilikuwa ndani.

Twahiru alipita karibu. Nilijiandaa. Akasema tu, "Hongera, mtani," akaogelea zake. Nimemchukia zaidi.

Hakuna picha. Naima zamu yake ilikwisha mchana, Twahiru na Zabibu walikuwa majini, simu ya Paulina ilikuwa chumbani. Suruali ya suti imeharibika. Kiatu kimoja kimebaki baharini.

Jumapili, 22 Septemba. Newala.

Jubilei imekwenda vizuri. Padri katubariki. Kitenge cha sare, pilau, kwaya.

Wakati wa salamu Cuthbert kasimama. Kasema picha ya mbuzi wote tumeiona, sasa tungependa kujua ukweli, je, mzee aliingia baharini au hakuingia? Kanisa zima likacheka. Watoto wakaanza kulia kama mbuzi, me, me. Nikaona jasho.

Kabla sijafungua mdomo, Paulina akasimama. Huyu mwanamke hasimami kanisani isipokuwa kuimba.

"Aliingia," kasema. "Mpaka kifuani. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka tukatoka."

 Paulina hajawahi kusema uongo, hilo hata Cuthbert analijua. Kisha kigelegele kimoja, kisha vingi. Wanaume wakaja kunipa mkono. Mweka hazina kaniomba radhi. Cuthbert mwenyewe kainamisha kichwa, kasema mzee Benedikto, nimeshindwa.

Angekuwa mtu mwingine angebaki ameketi.

Nikasimama. Nikasema mama huyu ni mnyenyekevu, anapunguza mambo. Nikasema kifuani ilikuwa mwanzo tu. Nikasema nilimweka Paulina mgongoni, nikavuka naye ghuba mpaka ng'ambo, tukapumzika, tukanywa madafu, tukarudi. Nikasema kile kiatu sikukipoteza, nilimpiga nacho samaki mmoja mkubwa aliyetaka kutusumbua njiani.

Kicheko kilianzia kwenye kwaya. Kikafika altareni. Padri alijifunika uso kwa kitabu. Cuthbert akainua kichwa, uso umenawiri, akaanza yeye mwenyewe, me, me, me, na watoto wakamfuata.

Paulina kanivuta koti nikaketi. Kaniambia sikioni, bila hasira, kwamba pale kifuani palitosha.

Palitosha vipi? Sikuwa nimefika kwenye nyangumi.