Mtu wa Endarasha Asiyewahi Kuibiwa

Wananchi wa Endarasha walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jipya la serikali, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeibiwa tena kiholela. Kila mwathiriwa wa uhalifu atachunguzwa kitaalamu na kuelezwa alichokosea.

Kazi hiyo alikabidhiwa Daktari Theuri, Mkurugenzi wa Idara ya Masomo ya Waathiriwa. Idara yenyewe ilikuwa yeye na gari. Ripoti ikikubaliwa, angepewa ghorofa nzima mjini Nyeri. Ikikataliwa, angerudi kufundisha Kidato cha Pili.

Alianza na Wangui, mjane aliyeibiwa ng'ombe wa maziwa aitwaye Susana.

"Mama, kabla ya tukio, ng'ombe wako alikuwa na tabia ya kuwaangalia watu asiowajua?"

"Ilikuwa inaangalia nyasi."

"Na wewe ulichangia vipi?"

"Nilikuwa nimelala, Daktari."

Daktari akaandika kwamba mwathiriwa amekiri kulala.

Waliofuata walikiri makubwa zaidi. Kingori alikuwa amefuga kuku, tena kwa hiari yake. Tabby alianika blanketi mahali penye jua. Pasta alipatikana akiomba huku amefumba macho.

Lakini utafiti hauendi bila ulinganisho. Alihitajika mtu mmoja ambaye hajawahi kuibiwa hata kijiko. Kijiji kizima kikamtaja Mutahi. Wengine walimtaja huku wakicheka mpaka wakashika ua wasianguke, na Daktari akafurahi kuona jamii inavyojivunia watu wake.

Boma la Mutahi lilimtoa Daktari machozi ya kitaaluma. Palikuwa na blanketi za kila rangi, ng'ombe wanene, na kuku ambao kwa kutazamana kwao hawakuwa wamefahamiana siku nyingi.

"Siri yako ni nini?"

"Mimi hulala mchana, mkubwa. Usiku niko macho."

Papo hapo Mutahi akateuliwa Mshauri Mkuu wa Kutoibiwa.

Wangui, aliyekuwa amemfuata Daktari, akachungulia langoni na kuita, "Susana." Ng'ombe mmoja akaja mbio, akamlazia kichwa begani. Daktari akamkataza Wangui asivuruge utafiti. Ng'ombe huyo akiondoka, alieleza kwa upole, Mutahi atakuwa mwathiriwa, na nchi itabaki bila ulinganisho.

"Kwa hivyo nikichukua ng'ombe yangu, mwizi ni mimi?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Wangui akaishika kamba ya Susana, asiivute wala kuiachilia.

Mshauri Mkuu akaomba funguo za gari, apime kama linaweza kuibwa. Daktari akampa. Kipimo kilifaulu. Gari lilishika njia ya Nyeri likipiga kelele kwamba hakuna mtu atakayeibiwa tena kiholela, mpaka sauti ikapotelea mashambani.

Walingoja. Hatimaye Daktari akaketi juu ya jiwe. Kwa kuwa ulinganisho ulikuwa umeondoka, Wangui akamgeuza Susana kuelekea nyumbani. Kisha akasimama.

"Daktari, pole. Hiyo gari yako ilikuwa na tabia ya kuangalia watu haijui?"

Daktari akaendelea kuitazama njia ya Nyeri.

"Ama ulikuwa umelala?"

"Hapana, mama. Nilikuwa macho."

Wangui akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi hiyo yako ni mbaya. Sisi angalau tulikuwa tumelala."